Alison Krauss au Amanda Shires: ukitaka kuingia kwenye fidla ya kantri uanze na nani?

Mpwa wangu amenunua fidla. Ya mtumba, ina kovu pale mtu anapoweka kidevu na upinde umeshapoteza nywele kadhaa, lakini inalia. Wiki iliyopita usiku wa manane akanitumia vois, "mjomba shikamoo, wewe ndo mtu wa kantri kwa hii familia, kuna Alison Krauss na kuna huyu Amanda Shires, wote wanaimba na wote wanapiga fidla, mi nina bando la wikendi tu, nichagulie mmoja". Mmoja! Nikaanza kumjibu kwa vois vilevile, nikafika dakika ya tisa bado niko utotoni mwa Alison, nikaona hapana, wacha niandike, na kama kuna mwingine anajiuliza swali hilohilo basi asome hapa hapa.

Ila kabla sijawapanga hawa wamama wawili, fidla yenyewe kwanza. Watu wakisikia kantri wanawaza gitaa na kofia, na sisi Wakenya ndo zaidi manake tumelelewa na Jim Reeves na Kenny Rogers kila Jumapili redioni, baba yangu lori haliwashi bila kaseti ya Dolly Parton, na mpaka leo tunaye Sir Elvis wetu anaimba kantri hapa hapa nyumbani na watu wanajaa. Lakini huu muziki ulianza kurekodiwa na wapiga fidla, 1922 huko New York, wanaume wawili, mmoja akiitwa Eck Robertson kutoka Texas, gitaa kuwa mfalme ilikuja baadaye. Na kwa mtu wa Pwani fidla wala si kitu cha ugenini. Jirani yetu mzee mmoja alikuwa akipiga kwenye taarab, nikiwa mdogo namwangalia anavyopaka upinde ule utomvu mkavu, taratibu, kama mtu anayepaka mkate siagi, halafu shughuli ikianza haharakishi hata kidogo, mwimbaji anamaliza mstari wake, ndo fidla inaingia, inasema yale yale kwa njia yake, inatoka. Siku moja nikamuuliza mbona hupigi muda wote, akaniambia "mwanangu, mi najibu tu". Hilo neno lilinikaa, na ndilo nitakalowapimia hawa wawili, yaani kwenye wimbo wake nani anaimba na nani anajibu.

Haya, Alison. Amezaliwa 1971 huko Decatur, Illinois, akakulia Champaign, mji wa chuo katikati ya mashamba ya mahindi, si Kusini kabisa, si Nashville, si milimani, na hili watu wengi hawalijui wanadhani ametoka kwenye kibanda cha mbao huko Kentucky. Akiwa na miaka 5 wazazi wakampeleka kusoma fidla ya kizungu ile ya nota na adabu. Akachoka nayo, akaanza kuingia kwenye mashindano ya fidla ya kienyeji, na hapo ndo moto ulipowaka, manake akiwa na miaka 13 ameshachukua ubingwa wa fidla kwenye tamasha la Walnut Valley huko Kansas mbele ya watu wazima wenye ndevu. Lebo ya Rounder ikamsaini 1985 akiwa na miaka 14, na 1987 akatoa albamu yake ya kwanza, hapo wenzake wa rika lake wanahangaika na mtihani wa darasani. Kwa hivyo kaanza kama mpiga fidla, tena wa ushindani, wale wa mkono mwepesi na upinde unaoruka. Kuimba kulikuja pembeni pembeni hivi.

Amanda naye njia yake ni ya vumbi. Mtoto wa Texas, 1982, wazazi wameachana, maisha yake yamegawanyika kati ya Lubbock na Mineral Wells. Akiwa na miaka 10 yuko na baba yake wakaingia kwenye duka la rehani, yale maduka watu wanaacha vitu vyao wakope pesa, akaiona fidla imening'inia, akaitaka, baba akanunua. Mi hapo ndo nilipompenda huyu dada hata kabla sijasikia wimbo wake mmoja, manake fidla ya rehani na fidla ya mtumba ni mtu na dada yake, na mpwa wangu akisoma hapa najua anacheka. Akafunzwa na wazee wa Texas, na akiwa na miaka 15 akawa anapiga na Texas Playboys, ile bendi iliyoachwa na Bob Wills, muziki wao ni kantri iliyooa jazi, muziki wa ukumbi wa dansi, fidla iko mbele kabisa inawaongoza wachezaji. Hebu fikiria, binti wa miaka 15 katikati ya wazee, na kazi yake ni kuhakikisha watu hawakai chini. Kwa hivyo yeye hakutokea kwenye mashindano, alitokea kazini, mpiga fidla wa kukodiwa, simu inapigwa anabeba boksi lake anaenda.

Sasa tofauti kubwa iko hapa, na ukiielewa hii mengine yote utayapanga mwenyewe. Wote wawili fidla ndo iliyowafungulia mlango, lakini walipoingia ndani kila mmoja akaelekea chumba chake. Alison akaelekea kwenye sauti, Amanda akaelekea kwenye maneno.

Sauti ya Alison jamani sijui niielezeje. Ni ile sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Nyembamba, safi, haisukumi, haipigi kelele, inakuja kama mtu anakunong'oneza lakini kila noti iko pale pale inapotakiwa kuwa. Na cha ajabu, nyimbo karibu zote si zake, yeye haandiki, anazichagua. Anatafuta wimbo wa mtu mwingine, mara nyingi wa huzuni, anaupeleka kwa bendi yake ya Union Station, na wale jamaa ni hatari, tangu miaka ya tisini mwishoni Jerry Douglas yuko pale na dobro yake, ile gitaa ya kulaza inayolia kwa chuma kinachoteleza juu ya nyuzi, Ron Block kwenye banjo na gitaa, Barry Bales kwenye besi, na kwa miaka mingi Dan Tyminski kwenye gitaa na sauti ya kiume, ndiye huyo huyo aliyemwimbia George Clooney kwenye O Brother, Where Art Thou?, ile filamu ya wafungwa watatu waliotoroka. Sasa sikiliza nani anamjibu Alison akimaliza mstari. Mara nyingi si fidla! Ni dobro ya Douglas. Fidla yake mwenyewe inakuja kidogo, inashika nafasi yake, inarudi nyuma, kama mwenye nyumba anayewaacha wageni waongee. Ukimtaka Alison wa fidla inayokimbia itabidi urudi kwenye albamu zake za mwanzo au uende kwenye ile laivu yao ya 2002 iliyorekodiwa Louisville, hapo utamsikia bado mkono anao.

Amanda sauti yake haiko hivyo hata kidogo. Inatetemeka, ina mkwaruzo, kuna mahali inapanda mpaka unaogopa itakatika, wengine inawachosha nakubali, lakini ile ni sauti ya mtu anayekuambia kitu ambacho hajamwambia mtu mwingine. Na maneno ni yake. Huyu ni mwandishi, tena si mwandishi wa kubahatisha, albamu kadhaa zimeshatoka, ameshazunguka na bendi, akarudi chuo cha Sewanee huko Tennessee akasomea ushairi shahada ya pili akamaliza. Ushairi! Sisi watu wa Pwani tunamwelewa mtu kama huyo, hapa kwetu mtu anaweza kugombana na jirani mwaka mzima kwa mafumbo ya taarab na hakuna jina lililotajwa. Nyimbo zake ziko hivyo, kitu kidogo kinatajwa, dirisha, ndege, taa ya barabarani, unadhani anazungumzia ndege kumbe anazungumzia ndoa. Na fidla yake ndo inayojibu, tena wakati mwingine haijibu kwa upole, inabisha. Kwenye albamu ya To the Sunset ya 2018 ameipitisha kwenye zile pedali za gitaa la umeme mpaka inaunguruma, mtu asiyejua atasema hilo ni gitaa. Yule mzee wetu wa taarab angesikia angetikisa kichwa, halafu baadaye kidogo angeuliza hiyo pedali inauzwa wapi.

Tuongee kazi sasa, manake swali la mpwa wangu kwa ndani naona lilikuwa hilo, si nimsikilize nani tu bali nani kaishi maisha ya kazi yanayofaa kuigwa.

Kwa vikombe hapa hakuna mechi. Alison ana Grammy 27. Ishirini na saba. Mpaka Machi 2021 hakuna mwanamke aliyekuwa nazo nyingi kumzidi, ndo Beyoncé akampita. Grand Ole Opry, ile shoo kongwe ya Nashville ambayo mwanamuziki wa kantri akiingizwa uanachama anaweza kulia mbele za watu, yeye ameingizwa 1993 akiwa na miaka 21. Na unajua umaarufu mkubwa ulimjia vipi, kwa wimbo ambao hata haukuwa kwenye mipango yake. Kuna mwimbaji Keith Whitley alifariki 1989, wenzake wakatengeneza albamu ya kumkumbuka, Alison na bendi wakapewa When You Say Nothing at All, wakaupiga kwa adabu zao, redio zikaushika zikakataa kuuachia. Wengi wetu huku tuliujua kwa Ronan Keating 1999, ule wa harusi, kila harusi, keki ikikatwa unawekwa, lakini kabla ya Ronan alikuwepo Alison na kabla ya Alison alikuwepo Whitley mwenyewe. Mwaka 1995 albamu ya mkusanyiko yenye wimbo huo ikauza zaidi ya kopi milioni 2, na chama cha kantri cha CMA kikampa tuzo nne usiku mmoja.

Sasa angalia alichofanya baada ya hapo, mi hapa ndo namheshimu. Mwingine angekimbilia lebo kubwa, abadilishe bendi, aweke ngoma na magitaa ya umeme. Yeye akabaki Rounder, lebo ndogo iliyomchukua akiwa mtoto, na watu wake wale wale. Halafu anafanya vitu vya pembeni ambavyo vinageuka kuwa vikubwa kuliko barabara yenyewe, ile sautitraki ya filamu niliyoitaja hapo juu ikawa albamu ya mwaka kwenye Grammy za 2002 naye yumo, kisha 2007 akatoa Raising Sand na Robert Plant, ndio, yule Plant wa Led Zeppelin, prodyuza akiwa T Bone Burnett, na 2009 wakabeba Grammy tano ikiwemo albamu ya mwaka. Nani angefikiria, mzee wa roki na dada wa blugrasi, ile kantri ya banjo na fidla isiyo na umeme, wanaimba pole pole kama watu wawili kwenye gari usiku hawataki kumwamsha mtoto nyuma. Halafu ana subira ya ajabu, Union Station walitoa albamu 2011 wakanyamaza miaka 14, na katikati sauti ikamsumbua, koo linakaza kila akitaka kuimba, mpaka akarudi kwa mwalimu wa sauti. Arcadia imetoka Machi 2025, na Tyminski hayupo tena, nafasi yake kachukua Russell Moore.

Amanda hana hiyo barabara ya lami. Albamu ya kwanza 2005, nyingine 2009, 2011, 2013, 2016, na muda wote huo anapigia watu wengine fidla ili kodi ilipwe. Alikuwa akizunguka na mzee Billy Joe Shaver, mtunzi mkubwa wa Texas, na yule mzee ndiye aliyemwambia wewe ni mwandishi, nenda Nashville ukaandike, akaenda, akahudumu mezani pia kama wengi wanaofika pale. Mwaka 2017 Chama cha Muziki wa Amerikana, yaani kantri iliyochanganyika na folki na roki, kikampa tuzo ya msanii anayechipukia. Anayechipukia! Ana miaka 35, ana albamu tano, yuko kwenye steji tangu miaka 15. Nilicheka mpaka nikaita mke wangu aje asome.

Na kuna hili la ndoa, siwezi kuliruka kwa sababu liko ndani ya kazi yenyewe. Aliolewa na Jason Isbell 2013, mwimbaji mkubwa wa Alabama, akawa pia anapiga fidla kwenye bendi ya mume, 400 Unit, na albamu yao The Nashville Sound ikapata Grammy 2018. Ukiangalia video zao za wakati ule utaona Isbell anaimba na Amanda kasimama kando anajibu kwa fidla, macho kwa macho, na mtu unajisikia kama umeingia chumbani kwao bila kubisha hodi. Watu wengi walimjulia pale, kama mke wa fulani anayepiga fidla, na nadhani hilo limemgharimu. Desemba 2023 kesi ya talaka ikafunguliwa, na Septemba 2025 akatoa Nobody's Girl, na jina tu linakwambia yaliyomo. Sitasema nani alikosea, ndoa ya watu mi siijui, lakini kama albamu ile dada kasimama wima.

Lakini alama yake kubwa kwangu ni The Highwomen. Hili wazo ni la kwake. Yuko njiani anasikiliza redio za kantri, masaa yanapita, wanaume tu, mwanaume, mwanaume, mwanaume, akauliza kwani wanawake wameenda wapi. Ile bendi ya zamani ya The Highwaymen ilikuwa ya wababe wanne, Johnny Cash, Willie Nelson, Waylon Jennings na Kris Kristofferson, basi yeye akasema tuwe na ya kinamama, akamvuta Brandi Carlile, wakaja Natalie Hemby na Maren Morris, wakapanda steji ya tamasha la Newport Folk Julai 2019 na Septemba albamu ikatoka ikakaa namba moja kwenye chati ya albamu za kantri. Alison kwa miaka yote ile hajawahi kufanya kitu cha namna hiyo, si hulka yake kugombana na redio. Yeye redio ilimfuata nyumbani.

Kasoro nazo. Alison ukimsikiliza albamu tatu mfululizo unaweza ukalala, nasema ukweli ingawa mashabiki wake watanitafuta, kila kitu kimepigwa pasi, hakuna kunjo hata moja, kuna siku natamani apasue noti moja tu nijue kuna mtu pale ndani. Na maneno yakiwa ya watu wengine, ukiuliza Alison mwenyewe anafikiria nini kuhusu dunia, humpati. Amanda tatizo lake ni kinyume, humpati akiwa amekunjwa vizuri, kuna nyimbo tatu za moto halafu moja imeenda mrama na hujui alikuwa anatafuta nini. Take It Like a Man ya 2022 ndo nzito kuliko zote, alikuwa ameshakaribia kuacha kabisa kutengeneza albamu mpaka prodyuza Lawrence Rothman akamrudisha studio, na inasikika, kuna nafasi sauti iko karibu mno na maiki mpaka unasikia pumzi. Usiiweke kwenye matatu asubuhi.

Najua mtu atauliza, mbona umemwacha Rhiannon Giddens? Sijamwacha, nilikuwa namwekea mahali pake. Mpwa wangu hakumtaja lakini kwa mtu wa huku kwetu pengine yeye ndo mlango wa karibu zaidi. Amezaliwa Greensboro, North Carolina, 1977, mama mweusi baba mzungu, akasomea opera chuo cha Oberlin, halafu 2005 yeye na wenzake wawili vijana weusi wakawa wanaenda kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi mwenye miaka themanini na kitu huko Mebane, wanakaa sebuleni kwake wanajifunza zile nyimbo alizozirithi kwao, hakuna nota wala karatasi, mzee anapiga we unafuata. Hapo ikazaliwa Carolina Chocolate Drops, na Grammy wakapata 2011. Somo lake siku zote ni moja, kwamba banjo ilitoka Afrika na fidla ya Kusini ilipigwa na watumwa weusi kwenye dansi za mabwana miaka mingi kabla mtu hajabuni neno kantri. Kisha akaandika opera na Michael Abels, Omar, kuhusu Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu kutoka Futa Toro, Senegali ya leo, aliyeuzwa utumwani Carolina na 1831 akaandika maisha yake kwa Kiarabu, opera hiyo ikapata tuzo ya Pulitzer 2023. Mwanachuoni wa Kiafrika, kaandika maisha yake kwa Kiarabu, yuko utumwani ng'ambo ya bahari. Mtu aliyekulia kando ya Bahari ya Hindi hahitaji kufafanuliwa hapo. Na ukimsikia banjo mwanzoni mwa Texas Hold 'Em ya Beyoncé, ndo yeye huyo.

Sara Watkins, naye anaimba na kupiga fidla, nitampitia haraka, si kwa ubaya. Alianza na bendi ya Nickel Creek akiwa na miaka 8, na albamu yao ya 2000 prodyuza alikuwa nani? Alison Krauss. Ukimpenda Alison ukahisi unataka kitu chenye ujana kidogo, nenda hapo.

Basi tuchague. Kama umekulia na Jim Reeves, kama kantri kwako ni Jumapili jioni, chai, nguo za shule zinapigwa pasi, anza na Alison na usipoteze muda, chukua New Favorite ya 2001, ukimaliza ingia Raising Sand usiku taa zimezimwa. Ukitaka kumwekea mama yako pia ni Alison, hakuna neno la kumtia aibu mtu. Kama wewe ni mtu wa maneno, unarudisha wimbo nyuma usikie alisema nini, au kuna kitu kimekuvunja mwaka huu na hutaki kubembelezwa, ni Amanda, anza na My Piece of Land ya 2016 manake ni ya nyumbani nyumbani, alikuwa anasubiri mtoto wakati anaiandika, halafu ndo upande To the Sunset. Ukiona imekuwa nzito shuka kwa Loving You, ile aliyopiga na Bobbie Nelson, dada yake Willie, bibi wa miaka tisini na piano yake, wakarekodi nyimbo za zamani na bibi akafariki Machi 2022 kabla haijatoka, na ile ni fidla na piano zinaongea kama watu wazima wawili barazani. Hata asiyejua Kiingereza hata neno moja atasikia.

Na kama unajifunza kupiga, si kusikiliza tu? Hapo jibu langu linabadilika. Kwa mkono, Alison wa zamani, miaka ya themanini mwishoni mpaka tisini mwanzoni, fuata pinde zake hata kama itabidi upunguze spidi mpaka nusu, manake usafi ule huupati kwingine. Lakini kwa kujua wakati wa kuingia na wakati wa kunyamaza, ni Amanda, tena si kwenye albamu zake, ni kwenye zile video amesimama kando ya mwimbaji mwingine na hana maiki mbele yake. Usimwangalie vidole. Mwangalie uso, utaona anasikiliza neno kwa neno, na upinde hauguswi mpaka sentensi iishe.

Nilimtumia mpwa wangu haya yote juzi Ijumaa. Hakusema ahsante wala nini, vijana wa siku hizi. Jana jioni ikaja vois, sekunde arobaini, mama yake yuko jikoni anaimba taarab ya zamani huku anakuna nazi, kile kibao cha mbuzi unakisikia kabisa kinavyolia chini yake, anafika mwisho wa mstari anakaa kimya atafute pumzi, na fidla ya mtumba inaingia, noti nne, ya tatu imepotoka vibaya, inatoka. Halafu dada yangu anasema, "hebu rudia hapo".